Uende Kuona Rumba au Ubaki Kiambi: Mwongozo kwa Ambaye Bado Hajauza Mbuzi

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Habari ilipofika Kiambi, wazee waliokuwa wakifukuzwa kwenye nganda kwa sababu ya deni la bia walianza kudai kwamba wao ni sehemu ya urithi huo, na kwamba urithi haufukuzwi, unahifadhiwa mahali penye kivuli. Serikali nayo ikaichukua nyumba ya marehemu Papa Wemba, kule Ma Campagne mjini Kinshasa, ili iwe makumbusho ya rumba. Hapo ndipo yalipoanza matatizo yetu.

Mtu wa Kinshasa hana cha kuamua. Anapanda teksi au hapandi, na jioni anakula kwake. Sisi tulio kando ya mto Luvua, ambao karatasi nyingine zinatuandika Manono na nyingine zinatuambatanisha na Kalemie, kulingana na nani anatafuta kodi, tunahitaji mwongozo. Hakuna aliyewahi kutuandikia, kwa kuwa waandishi wa miongozo huanza na maneno "ukishatua uwanja wa ndege". Huu unaanza mapema zaidi, mbuzi akiwa bado amefungwa uani.

Hatua ya kwanza ni kujua nani amekushauri uende. Kama ni mpwa wako anayeishi Kinshasa, aliyekupigia na kusema, "Noko, njoo uone makumbusho," usikate simu. Subiri sentensi inayofuata. Itahusu samaki wakavu. Baada ya samaki utakuja unga wa muhogo, na baada ya unga utagundua kwamba makumbusho yalikuwa mlango tu wa kupitishia gunia. Kama ni mgeni aliyekuja kufanya semina ya siku mbili, akakuambia kwa huruma kwamba mtu asiyeona makumbusho ya taifa lake hajitambui, mjibu kwa adabu kwamba utajitambua kiangazi, njia ikikauka. Na kama wazo ni lako mwenyewe, limekujia usiku ukiwa umelala ukisikiliza redio, basi hali ni mbaya zaidi, maana hakuna wa kumlaumu. Endelea kusoma.

Hatua ya pili: chukua ramani na uzi. Weka ncha moja ya uzi Kiambi, nyingine Kinshasa, na ukate. Umekata zaidi ya kilomita 1,400, tena za ndege asiyetua. Ukiwa umeushika vilevile, uzungushe upande wa mashariki. Utavuka Ziwa Tanganyika, utapita kusini ya Tabora, utaingia Dar es Salaam, na ncha itaanguka baharini ng'ambo ya Zanzibar. Maana yake ni hii: makumbusho ya Freddie Mercury ya Mji Mkongwe, yaliyofunguliwa 2019, yako karibu zaidi na Kiambi kuliko nyumba ya Papa Wemba. Mzaliwa huyo wa Zanzibar wa mwaka 1946, Farrokh Bulsara kwa jina la nyumbani, aliondoka kisiwani na familia yake 1964, akajipatia sifa kwa nyimbo za Kiingereza akiwa London, na bado amepewa makumbusho. Liweke hilo akilini. Litatusaidia tutakapofika kwenye habari ya nani amepewa nyumba na nani hakupewa.

Uzi, hata hivyo, haujui njia zetu. Kwa barabara utakwenda Manono, na kutoka Manono utakwenda unakoweza. Wakati wa mvua, "unakoweza" ni palepale Manono, ambako utakaa ukisikiliza watu wakizungumzia litiamu kama ambavyo babu zao walizungumzia bati: kwa matumaini, wakiwa wamekaa gizani. (Bwawa la Piana-Mwanga lililojengwa juu ya Luvua hiihii ili kuendesha machimbo ya bati lingefaa kuwa na makumbusho yake. Sitaki kuwapa watu mawazo.) Unaweza pia kufika Kalemie na kutafuta ndege. Wengi hufanya hivyo, kisha huhitaji kuuza mbuzi wa jirani.

Iko njia ya maji, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndiyo njia pekee katika mwongozo huu ninayoipenda. Luvua inapitika kwa chombo kutoka hapa Kiambi hadi Ankoro, kilomita 160 hivi. Huko Ankoro inaungana na Lualaba. Lualaba inashuka hadi maporomoko ya Boyoma, inabadilishwa jina kuwa Kongo bila kuombwa ridhaa, na inaendelea hadi Kinshasa. Kwa hiyo maji unayochota asubuhi yatafika Kinshasa siku moja bila kitambulisho, bila muhuri, bila kuacha kitu kwenye kizuizi hata kimoja. Ndiye msafiri wa pekee kutoka Kiambi ninayemwonea wivu.

Na msafiri huyo anapita kwenye historia ya muziki zaidi ya mtalii yeyote. Anapita Kindu, alikozaliwa Remmy Ongala 1947, yule ambaye badala ya kuteremka na mto kama walivyofanya wengi alielekea mashariki, akafika Dar es Salaam, akawaimbia maskini kwa Kiswahili hadi mtaa mzima wa Sinza ukaitwa kwa jina lake. Wimbo wake wa kuwahimiza watu wavae "soksi" wakati wa UKIMWI ulikataliwa redioni, ndipo kila mtu akaujua. Mbele zaidi, chini ya Kisangani, maji yanaingia kwenye sehemu ya mto ambako Wendo Kolosoy alikuwa fundi wa mitambo ya meli, akipiga gitaa meli ikisubiri mzigo. Mwaka 1948 akarekodi "Marie-Louise" kwa kampuni ya Ngoma, iliyokuwa ya Mgiriki aitwaye Nicolas Jeronimidis. Watu wakasema wimbo huo ukipigwa usiku wa manane wafu wanaamka. Makasisi hawakucheka. Nami nasema, kama kuna makumbusho ya muziki yanayostahili safari, ni mto huu wenyewe, ila hauna tiketi wala mtu wa kukuambia usiguse, na kwa hiyo hauhesabiwi.

Hatua ya tatu hadi ya sita zinahusu karatasi za safari. Naziruka. Anayezijua hahitaji mwongozo, na asiyezijua akizisoma hapa atavunjika moyo na gazeti litapoteza msomaji.

Hatua ya saba: saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoka huku saa nne na kusafiri kwa nguvu zako zote, utakuta kwao bado hawajafika saa nne. Usiwaonee huruma, wanaamini sisi ndio tuliochelewa.

Sasa tuseme pesa imepatikana, njia imekauka, mpwa ameahidi godoro. Bado hujajibu swali lenyewe: unakwenda kuona nini? Muziki ni wa masikio, na makumbusho ni ya macho. Popote duniani makumbusho ya muziki yana shida hiyohiyo, na wote wanaitatua kwa namna moja: kofia ya marehemu, koti la marehemu, picha ya marehemu akiwa kijana mwembamba, na gitaa lililofungiwa kwenye kioo lenye maandishi ya kukataza kuligusa. Gitaa lisiloguswa ni sahani ya samaki ya kutazamwa. Unaweza kukaa mbele yake mpaka jioni na usishibe.

Kwa haki ya marehemu nakiri kwamba kwa Papa Wemba kabati la nguo si mzaha. Huyu alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Zaiko Langa Langa mwaka 1969, akaunda Viva la Musica 1977, na katikati ya hayo akawafundisha vijana wa nchi nzima kwamba mtu anaweza kukosa chakula cha jioni lakini hawezi kukosa pasi. Alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, maikrofoni ikiwa mbele yake, akafa. Mtu wa namna hiyo, nguo zake ni nusu ya nyimbo zake. Ila hilo linaleta sharti jipya kwa mgeni kutoka kwetu: huwezi kuingia nyumba ya mfalme wa sape, ule unadhifu wa mavazi, ukiwa na kandambili. Mlinzi atakuelekeza kwa upole upande wa nyuma, akidhani umekuja kuziba paa. Kwa hiyo ongeza kwenye bajeti viatu, na kwa kuwa viatu vitaiaibisha suruali, ongeza suruali. Mbuzi wa pili huyo.

Utakapomweleza mama mdogo mpango wako, usianze na urithi wa binadamu. Atakusikiliza huku akisonga bukari, kisha atauliza, "Bale benye banaimba, bangali bazima?" Utajibu kwamba hapana, Wendo alikufa, Kabasele alikufa, Franco alikufa 1989, Tabu Ley 2013, Papa Wemba vilevile. "Banakufa bote," atasema. "Na weye unaenda kuangalia manguo." Hakuna jibu la swali hilo katika vitabu vya makumbusho. Kula bukari.

Ukishamaliza kula, ingia kwenye sehemu ngumu ya uamuzi, ambayo haihusu nauli. Chukua karatasi na kalamu, mfuate mzee mmoja wa mtaani aliyecheza dansi kabla ya uhuru au mara baada yake, na umwombe akutajie wanamuziki wa ujana wake. Andika majina kama anavyoyatamka. Usimsaidie. Akianza na Grand Kallé, yaani Kabasele, na kukusimulia jinsi African Jazz walivyopiga "Indépendance Cha Cha" Brussels mwaka 1960 kana kwamba alikuwepo chumbani, na akiendelea na Franco na Tabu Ley bila kupumua, basi huyu ni raia wa rumba. Peleka salamu zake Ma Campagne. Lakini ukikaa naye mpaka kikombe cha pili cha munkoyo, mara nyingi sauti inabadilika. Ataanza kukung'utia vidole kwenye goti, kidole gumba na cha shahada, na atataja jina ambalo halikuingia kwenye sherehe za Desemba 2021: Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke.

Huyu alikuwa wetu wa huku kusini, aliyezaliwa 1930, wa Bayeke, watu wa Msiri, yule mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi karne ya 19 akajijengea ufalme Bunkeya. Alikuwa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, pale Hugh Tracey alipopita na mashine yake ya kurekodi mwaka 1952 na kumkuta akipiga gitaa kwa vidole viwili kana kwamba wako watu wawili ndani ya gitaa. Wimbo wa "Masanga" ukatoka hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaenda Nairobi kupiga kwenye matangazo ya Aspro, dawa ya kichwa, na vijana wa Kenya waliojaribu kuiga vidole vyake wakawa wateja wazuri wa dawa hiyo. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alikufa kwa ajali ya gari 1990. Aliimba kwa Kiswahili, kile kinachosemwa sokoni kwetu, siyo Kilingala cha Kinshasa. Karibu naye walikuwepo Édouard Masengo na Losta Abelo, na wengine wengi ambao majina yao yalibaki kwenye santuri zilizovunjika.

Je, huyu utamwona kwenye makumbusho ya rumba? Usinijibu kwa hasira. Wenye rumba wana haki ya kuhifadhi rumba. Tena wamehangaika: Cuba, ambayo ngoma zake zilitoka huku kwenye matumbo ya meli za watumwa na kurudi kwenye santuri za GV miaka ya 1930, iliandikisha rumba yake UNESCO mwaka 2016, yaani mtoto alipata cheti miaka mitano kabla ya mzazi. Kazi ya kwenda kuomba cheti haikuwa ndogo. Lakini mtu wa Kiambi anayeamua safari lazima ajue kwamba rumba si jina la kila gitaa lililowahi kulia nchi hii. Likasi iko kilomita 400 na kidogo kutoka hapa kwa uzi wetu uleule. Bunkeya iko karibu zaidi ya hapo. Kinshasa ni mara tatu.

Kwa hiyo, ukitaka kufuata sauti ya Mwenda, ni wapi pa kwenda? Hapa mwongozo unakuwa wa aibu kidogo. Sehemu kubwa ya kazi ya Tracey iko kwenye Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954, na ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini: kilomita karibu 2,900, visa, na sweta. Sauti nyingine za Kongo, zilizokusanywa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ziko Tervuren, karibu na Brussels, kwenye jumba la Mfalme Leopold lililofungwa miaka mitano kwa matengenezo na kufunguliwa tena Desemba 2018. Lina chumba kizima cha lugha na muziki. Ukitaka kumsikia babu yako vizuri, bila mikwaruzo, kwenye vifaa safi vya masikio, hapo patakufaa. Ubalozi utakuuliza kusudi la safari. Waambie "kumtembelea babu" na uone kama kuna kisanduku cha kuweka alama.

Wa kujifunza kwake ni Mwingereza mmoja, John Low, mpiga gitaa. Mwaka 1979 alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta Mwenda, Masengo na Abelo wakiwa hai, akakaa nao, akajifunza nyimbo zao kidole kwa kidole, na mwaka 1982 akachapisha safari hiyo kama kitabu, Shaba Diary. Hakwenda makumbusho, alikwenda kwa wenye vidole. Sisi tulikuwa karibu kuliko yeye, na hatukwenda, kwa sababu hakuna anayefunga safari kumwona mtu anayeweza kukutana naye dukani akinunua sabuni. Hilo ni tatizo la wanamuziki hai, na sheria ya makumbusho inalijua: subiri wafe, kisha tafuta koti.

Wako watakaosema kwamba ukishafika Kinshasa usiishie kwenye rumba. Kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 2019 kwa fedha za Korea Kusini, na ng'ambo ya mto, Brazzaville, kuna makumbusho ya muziki wa Afrika nzima yaliyotokana na tamasha la FESPAM. Ni kweli. Ukiwa na mbuzi wa tatu, nenda. Mimi nimeishia kwa wawili.

Turudi nyumbani, ambako huwa tunasahau kuwa makumbusho yalikuwepo kabla ya tiketi. Wazee wa Kiluba walikuwa na lukasa, kibao cha mbao cha kutosha kiganja, kilichopigiliwa shanga na makombe. Mtu wa chama cha Mbudye alikishika kwa mkono wa kushoto na kukisoma kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akiimba nasaba, safari za wafalme, na nani alianzisha kijiji gani. Msomaji mwingine, siku nyingine, akiwa na kibao kilekile, aliimba vingine kidogo, kulingana na nani amekaa mbele yake na nani anadai ardhi. Hakuna aliyelalamika kwamba maelezo hayalingani. Vibao hivyo leo viko kwenye makumbusho ya ng'ambo, kimoja mashuhuri kiko Brooklyn, nyuma ya kioo, kimya kabisa, kwa kuwa hakuna mlinzi wa Brooklyn mwenye kidole kilichofundishwa. Wageni wanakisifu umbo. Kusifu umbo la lukasa ni kusifu karatasi ya barua.

Mrithi wa lukasa hapa kwetu, kama unaniuliza mimi, ni kijana wa kuchaji simu. Unamjua. Ana bamba la jua juu ya bati, betri mbili, na kompyuta ya mapajani yenye kioo kilichopasuka kona. Ukimpa kadi ndogo ya simu na falanga kidogo, anakujazia nyimbo. Amezipanga kwenye mafolda manne: Za Mungu, Za wazee, Za shetani, na Zingine. Wataalamu wa makumbusho wamesoma miaka mingi na hawajapata mpangilio bora. Ndani ya Za wazee, Franco anaimba chini ya jina la Tabu Ley, Tabu Ley anaitwa "Nyimbo 07", na katikati ya gitaa tamu kuliko zote sauti ya mtu inaingia na kutangaza duka la simu la Lubumbashi pamoja na namba. Lebo zina makosa, na maelezo yanategemea nani anauliza. Ndivyo ilivyo kwenye makumbusho makubwa pia, ila kule makosa yamechapishwa.

Kabla ya kuuza mbuzi, kwa hiyo, kaa jioni moja kwa kijana huyu. Mwombe Wendo. Huenda anaye. Mwombe Kabasele, anaye, mara tatu, kwa majina matatu. Mwombe Papa Wemba, naye atakuuliza wa mwaka gani, na hapo utaona aibu kwa niaba ya Ma Campagne. Sasa mwombe Mwenda wa Bayeke. Atatafuta Za wazee, atatafuta Zingine, atafungua hata Za shetani. Kisha atakuambia, "Papa, huyu hayumo. Ni wa wapi?"

Hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Ukiona jambo hilo halikukereketi, nenda Kinshasa kwa amani, vaa viatu, piga selfi mbele ya lango, na umpe mpwa samaki wake. Ni safari nzuri na sina neno nayo. Ukiona linakukereketa, baki, na nauli uliyokusanya itafute kazi nyingine. Nunua kadi za simu, zile zisizo bandia, na simu yenye kipaza sauti kizuri. Mtafute mzee wa likembe kando ya mto, mwimbaji wa msibani anayejua nyimbo zote za kumsindikiza marehemu, na yule anayepiga karindula aliyojitengenezea kwa debe la mafuta na ngozi ya mbuzi. (Unaona sasa mbuzi wako angeweza kufia wapi kwa heshima.) Rekodi wimbo mzima, usikate mzee anapokohoa; kikohozi chake ni tarehe. Kabla hajaondoka, sema kwenye simu jina lake, jina la kijiji, jina la aliyemfundisha, na mwaka, kwa maana aliyekufa hasahihishi. Mlipe. Wakubwa wa santuri za zamani walisahau hatua hiyo, na ndiyo iliyowafanya wakubwa.

Kisha nakili mara tatu. Nakala moja ibaki parokiani, kwa sababu kabati la kasisi lina kufuli. Nyingine ipelekwe Kalemie kwa ndugu unayemwamini, ingawa nakubali kwamba ndugu wa namna hiyo ni adimu kuliko betri. Ya tatu mpe kijana wa kuchaji, naye ataisambaza vijiji vyote kufikia Jumapili bila idhini ya mtu yeyote, kazi ambayo hakuna makumbusho yaliyowahi kuifanya kwa wiki moja.

Tahadhari moja imebaki, na ndiyo iliyowaangusha wengi. Usitundike kibao kinachosema makumbusho. Neno hilo likionekana kutoka barabarani, siku hiyohiyo atafika mtu wa utamaduni, nyuma yake mtu wa utalii, kisha wa mazingira kwa ajili ya kelele, na wa nne mwenye futi, aliyekuja kupima kibao chenyewe kwa mita za mraba. Andika "Hapa tunachaji simu", kwa herufi ndogo. Na ule wimbo wa mzee wa karindula uweke kwenye folda ya Za Mungu, ambako hata mtu mwenye futi hatathubutu kufuta kitu.